Digrii Mbili Chini ya Sifuri

Anderlecht, Brussels
Jumapili, 16 Machi 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kifua kilichokusumbua tangu Krismasi kimetulia. Mama naye, mguu unaendeleaje? Evans aliniambia kwenye simu kwamba mmeanza kuchimba viazi na kwamba wiki iliyopita mlipata mvua ya milimita arobaini na mbili. Nilijua papo hapo kwamba namba hiyo kaipata kwako, maana kaka yangu huyo hajawahi kujua tofauti ya mvua na manyunyu. Mimi huku mwili ni mzima. Mengine utayasoma.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Kwanza ni wewe uliyetufundisha kwamba neno lisiloandikwa hupeperuka. Pili, jambo hili nikikuambia kwa simu utasema "haya, haya, yameisha" kabla hujalisikia lote, na sitaki uniambie yameisha. Kwa hiyo chukua miwani, kaa karibu na moto, na tafadhali usimpe Evans akusomee.

Kazi yangu unaijua kwa juujuu. Kampuni yetu ni ndogo, watu kumi na mmoja ndani ya ghala la zamani karibu na mfereji, na tunatengeneza vipimajoto vya kufunga ukutani kwenye vyumba vya baridi vya dawa. Kifaa husoma joto kila baada ya dakika tano na kulihifadhi. Joto likishuka chini ya sifuri, king'ora hulia, kwa sababu kuna chanjo ambazo zikishaganda hazifai tena hata zikiyeyuka. Mimi ndiye ninayeandika maagizo yaliyo ndani ya kifaa hicho. Aliyekuwa akizunguka kwa wateja kuvifunga na kuvikagua ni Papa Kazadi.

Papa Kazadi ni mtu wa Lubumbashi, ana miaka hamsini na minane, na huvaa kofia ya sufu hata jua likiwaka. Ndiye pekee kazini niliyekuwa nikizungumza naye Kiswahili, ingawa alikuwa akinicheka kwamba changu ni cha redio, na mimi nikimwambia chake kimeolewa na Kifaransa bila mahari. Katika mfuko wa koti lake hakukosa vitu viwili: kipimajoto cha kioo alichokuja nacho kutoka kwao, na daftari dogo analoliita carnet. Kila alipofika kwa mteja alisoma kioo chake kwanza, akaandika, ndipo akasoma kifaa chetu. Siku moja nilimuuliza kwa utani kwa nini anahangaika na kioo wakati mashine ipo. Akanijibu, akiligeuza jina langu Kifaransa kama kawaida yake, "Maman Severine, mashini iko na bwana yake, ule aliiandika. Hii kioo haina bwana." Nilicheka, lakini jibu lile lilinikaa vibaya.

Unanijua, Baba. Mimi ndiye yule mtoto aliyehesabu mayai kabla ya kwenda shule akayahesabu tena aliporudi, mpaka Mama akaniita polisi wa kuku. Tabia hiyo sikuiacha uwanja wa ndege. Huku imenipatia kazi nzuri, maana anayeandika programu lazima ashuku kila kitu. Tatizo ni kwamba nilishuku kila kitu isipokuwa mimi mwenyewe.

Jumatatu moja mwishoni mwa Januari, Papa Kazadi alifungua chumba cha baridi cha mteja wetu mmoja, mwenye ghala la dawa, akakuta chanjo zimeganda kama mawe. Mashine ya kupozea ilikuwa imeharibika tangu Jumamosi na kuendelea kupoza kupita kiasi. Kioo chake kilisoma digrii nne chini ya sifuri. King'ora hakikuwa kimelia hata mara moja, na kifaa chetu kilionyesha nusu digrii juu ya sifuri. Nilipozifungua kumbukumbu zake nikaona nusu digrii hiyohiyo kutoka Jumamosi asubuhi hadi Jumatatu, mstari ulionyooka bila mtikisiko. Makasha sitini ya chanjo yalitupwa.

Mkurugenzi akaniuliza ni nini. Nikamwambia baridi haisimami mahali pamoja siku mbili, kwa hiyo kuna mtu aliyeuchezea waya. Akauliza nani. Sikumtaja mtu, Baba, naomba uniamini katika hilo dogo. Nilisema tu kwamba ufunguo wa chumba kile upo kwa watu wawili, mwenye ghala na Papa Kazadi. Wengine huita hivyo kusema ukweli. Mimi sasa naita kumsukuma mtu bila kumgusa.

Tangu siku hiyo nikaanza kumtazama. Kama ni yeye, kwa nini aje mwenyewe kutoa taarifa? Nikajijibu kwamba mwizi mjanja ndiye wa kwanza kupiga yowe. Nilipoingia jikoni kwetu ofisini akanyamaza, nikasema anaficha. Aliponisalimu kwa furaha, nikasema anajipendekeza. Mtu akishakuwa mshukiwa hata wema wake hugeuka ushahidi. Siku ya Jumatano alinijia mezani na kuniuliza taratibu, "Severine, mutambo yako inajua kuhesabu chini ya zéro?" Nilimjibu kwa ukali kwamba imehesabu chini ya sifuri miaka mitatu bila kukosea. Akasema, "Bon," akaandika kitu kwenye carnet yake na kwenda zake. Nikaamini anakusanya maneno yangu ili aje kunibebesha mzigo wake.

Ijumaa alasiri nilimwona akitoka na sanduku la bluu la kutunzia baridi, lile la kwendea pikiniki. Nikamfuata. Ndiyo, binti yako mwenye shahada mbili alipanda metro namba tano, behewa la pili kutoka kwake, akajificha nyuma ya gazeti la bure. Alishuka Clemenceau, akaingia sokoni pale machinjioni, akanunua barafu kwa muuza samaki na chumvi kilo mbili. Akainama na kupanga vitu ndani ya sanduku. Chini ya barafu nikaona kifaa chetu kimoja kinapepesa taa yake ya kijani. Vifaa haviruhusiwi kutoka nje ya jengo bila kuandikishwa. Nikajisemea, leo nimekupata. Nilimpiga picha kwa simu nikiwa nimechutama nyuma ya lundo la viazi vitamu.

Jumatatu niliipeleka picha kwa mkurugenzi. Papa Kazadi aliitwa, akakiri kwamba kifaa alikichukua, akasema alikuwa anapima. Kupima nini, wakamuuliza, na kwa idhini ya nani? Akaweka carnet yake mezani na kusema kila kitu kimo humo. Hakuna aliyeifungua. Aliachishwa kazi siku ileile kwa kosa kubwa, na huku ukiachishwa hivyo huna notisi, na hata msaada wa wasio na kazi unaweza kunyimwa. Mkurugenzi alinipa ile carnet niitie kwenye droo pamoja na picha, iwe ushahidi. Papa Kazadi alipopita mezani kwangu akiwa na kofia mkononi, aliitazama carnet kisha akanitazama mimi. Nilidhani ni chuki.

Siku tisa baadaye mteja alitaka namba ya kifaa ambayo haikuwa kwenye kompyuta. Nikakumbuka kwamba Papa Kazadi alikuwa akiziandika zote, nikafungua droo. Baba, nilipoifungua ile carnet nilidhani nimefungua daftari lako. Mistari imepigwa kwa rula. Tarehe, saa, kioo, kifaa. Na mbele ya kila namba iliyo chini ya sifuri, kistari chekundu, kama vile ulivyokuwa ukikipiga wewe kwa kalamu uliyotukataza kuigusa.

Niruhusu nirudie jambo unalolijua kuliko mimi, ila kwa jinsi nilivyoliona nikiwa na miaka tisa. Julai ya mwaka tisini na nne ulikuwa ukisoma kipimajoto cha shamba la utafiti kila asubuhi, ukaandika digrii mbili chini ya sifuri kwa siku tatu mfululizo. Akaja mkaguzi kutoka mjini, amevaa shati la mikono mifupi na anatetemeka saa nne asubuhi, akasema nchi hii haina mahali pa chini ya sifuri isipokuwa kileleni Kilimanjaro. Akasema namba hizo umezitunga ukiwa kitandani. Akavikata vistari vyako vyekundu kwa kalamu nyeusi mbele yetu. Mwezi uliofuata hukuwa na kazi, na watu wakaanza kukuita Mzee Barafu. Wewe hukugombana na mtu. Ulilichukua lile daftari ukaliweka kwenye sanduku la bati.

Basi, kwenye ukurasa wa mwisho wa carnet niliona barafu na chumvi za ile Ijumaa. Kioo: mbili, moja, nusu, moja chini ya sifuri, mbili chini, tatu chini. Kifaa: mbili, moja, nusu, nusu, nusu, nusu. Nilinunua barafu na chumvi nikarudia jambo hilohilo jikoni kwangu, nikikodolea macho ile nusu isiyosogea. Kisha nikaifungua programu yangu niliyoiandika mwenyewe.

Nitakueleza kwa lugha ya daftari. Ndani ya mashine namba hukaa kwenye safu ya vyumba vidogo, tunaviita biti, kila kimoja kina sifuri au moja. Chumba cha kwanza kushoto ndicho kinachobeba alama: kikiwa na moja, namba iko chini ya sifuri. Kidude kinachohisi joto hutuma namba fupi ya vyumba kumi na viwili, nami naiweka kwenye safu ndefu ya thelathini na mbili. Ili alama isipotee, niliandika hivi: isogeze namba kushoto mpaka alama yake iingie kwenye chumba cha alama cha safu ndefu, kisha irudishe kulia. Hila ya zamani, kila mtu anaijua. Ila kitabu cha kanuni za lugha ninayoiandikia, kikifika kwenye namba zenye alama zilizosukumwa kushoto hadi kugusa chumba cha alama, hakisemi ni sawa wala hakisemi matokeo yake yatakuwa nini. Kinakuachia hapo. Lolote likitokea, umejitakia.

Kwa miaka mitatu halikutokea lolote. Maagizo yetu hugeuzwa kuwa lugha ya mashine na programu inayoitwa kompaila, na ile ya zamani ilisukuma tu kama nilivyoiambia. Januari tukabadilisha, tukaweka mpya yenye kasi zaidi, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuhamisha kila kitu. Hii mpya ina akili ya ajabu. Ilijisemea kwamba mwandishi mwenye akili zake hawezi kufanya jambo ambalo kanuni zimelikalia kimya, kwa hiyo namba hii haikugusa chumba cha alama, kwa hiyo haiwezi kuwa chini ya sifuri, kwa hiyo swali la "je, iko chini ya sifuri?" ni la bure. Ikalifuta swali langu, na king'ora kilichokuwa nyuma yake kikafutika nalo. Digrii moja chini ya sifuri ikawa inasomeka kama mia mbili hamsini na tano juu. Nilikuwa nimeagiza pia kwamba namba yoyote inayozidi mia ni hitilafu ya waya, ipuuzwe na irudiwe ile ya mwisho iliyokuwa nzuri. Ndiyo nusu digrii ile. Majaribio yetu nayo tuliyafanya kwenye friji ya jikoni, ambayo haijawahi kugandisha hata maji.

Kilichoniuma ni kwamba kompaila iliniamini mno. Iliniamini kwamba mimi sikosei, nami sikumwamini mtu aliyekuwa sahihi.

Sasa, Baba, nimefika pale ambapo kalamu inakuwa nzito. Mpaka hapa unaweza kusema nilikosea kama binadamu. Lakini kompaila ile ilinionya. Januari, siku ya kwanza, ilitoa maonyo mia nne na zaidi, na mojawapo lilitaja mstari ule kwa namba yake: unasukuma namba yenye alama. Nilikuwa na haraka, maonyo yakanichosha, nikaandika agizo moja la kuyazima yote ya aina ile. Niliyafunga mdomo.

Na baya zaidi ni hili. Siku nilipoujua ukweli, sikumwambia mtu. Niliurekebisha mstari ule, ni kazi ya dakika mbili tu, badili namba yenye alama iwe isiyo na alama kabla ya kuisukuma kushoto, kisha uirudishie alama, na kwenye maelezo ya mabadiliko nikaandika "usafi mdogo". Kisha nikairudisha carnet kwenye droo. Kibali changu cha kuishi nchi hii kimefungwa kwenye kazi hii, nikajiambia nikiipoteza narudi nyumbani Makete na sanduku moja. Nikajiambia Papa Kazadi ni raia wa hapa, atapata nyingine. Vifaa vipya vikatoka vizuri, lakini vile vilivyokwisha kufungwa kwenye kuta za watu vikabaki na upofu wangu ndani yake. Nilikaa hivyo mwezi mzima. Nilikula, nilikwenda kanisani, niliwapigia simu nyinyi nikacheka.

Aliyenivunja ni mke wake. Maman Mignonne anafanya usafi katika ofisi za huko Schuman, na Jumatatu iliyopita tulikutana kwenye metro asubuhi. Nilitaka kushuka, akanishika mkono. Hakuwa amekuja kunitukana. Aliniomba nimwandikie mumewe barua ya kujitetea, kwa kuwa mimi nimesoma na wakubwa wananisikiliza. Akasema nyumbani mzee hali vizuri, amekaa dirishani na kofia yake. Kisha akasema, "Bwana yangu alisema, carnet niliachia Severine. Severine ni muntu wa kweli, ataisoma, ataona." Kumbe ile siku hakunitazama kwa chuki. Alikuwa ananikabidhi. Nililia mbele ya watu, Baba, na Maman Mignonne akadhani ninalia kwa huruma, akanipa kitambaa.

Siku ileile niliandika barua mbili. Moja kwa mkurugenzi, yenye mstari ule, onyo nililolizima, tarehe niliyojua na tarehe zote nilizonyamaza. Ya pili, nakala ileile, niliibeba mwenyewe mpaka kwa Papa Kazadi, ghorofa ya saba, lifti mbovu. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, na nilimwambia pia kwamba picha ilikuwa yangu. Hakunikaribisha kiti. Hakuniambia yameisha. Nilipoanza kuomba msamaha kwa mara ya pili akainua mkono, akasema, "Maman, ya mudomo nilisikia ya kutosha. Andika." Nikamwambia nimekwisha kuandika, hii hapa barua. Akasema si humo. Akanyoosha kidole kwenye carnet niliyomrudishia, na akaniazima kalamu.

Nikakaa kwenye meza yao ya kulia. Mbele ya kila mstari wa ile Ijumaa niliandika: nimesoma, ni kweli. Nikaweka saini na tarehe, mstari kwa mstari, yote sita, huku yeye amesimama nyuma yangu anahakikisha sijaruka hata mmoja. Nilipomaliza aliupuliza wino ukauka, akaifunga carnet. Ndipo Maman Mignonne alipoleta chai, na ya kwangu ilikuwemo.

Tangu Jumatano mafundi wanazunguka kubadilisha vifaa vyote kwa wateja. Mkurugenzi amemwandikia Papa Kazadi arudi, naye amejibu kwamba atafikiria. Ana haki ya kufikiria. Mimi nimeitwa Alhamisi ijayo. Sijui nitatoka na kazi au bila kazi, na kama mtaniona nyumbani mapema kuliko tulivyopanga, sasa mnajua sababu. Naogopa, sitakudanganya. Ila usingizi umerudi.

Limebaki moja, na hili ni letu wawili. Nilipokuwa darasa la sita mwalimu wa jiografia alisema maneno yaleyale ya yule mkaguzi, na mimi sikunyoosha mkono kumpinga. Tangu siku hiyo, Baba, moyoni mwangu nilikushuku. Nilikupenda na nilikushuku. Kila ulipotoka alfajiri ya Julai kwenda kutazama kama maji ya beseni uani yameganda, niliona aibu kwa niaba yako, na sikuwahi kutoka nje pamoja nawe kutazama. Miaka thelathini sikutoka.

Ndani ya bahasha hii utakuta karatasi ndogo nimeikata kwa mkasi. Nakuomba ufungue sanduku la bati, utafute ule ukurasa wa Julai, na uibandike pale kalamu nyeusi ilipopita. Nimeandika: digrii mbili chini ya sifuri, nimesoma, ni kweli. Chini yake nimeweka saini yangu na kistari chekundu.

Msalimie sana Mama, mwambie polisi wa kuku amekamatwa. Msalimie Evans na wanawe, na majirani wote wape kamwene yangu. Jifunike vizuri, baridi ya Juni haiko mbali, na mwaka huu ukiniona nyumbani, niamshe mapema.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Severina